Kipokezi Hutambua, Kinasi Huamua: Hotuba kuhusu Ishara Ndani ya Seli za Kinga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, madaktari, wanafunzi wa tiba na wa sayansi ya viumbe hai, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kinga ya mwili, nami nimechagua sehemu yake moja ambayo kwa maoni yangu hufundishwa kwa haraka mno, ilhali mengine yote yameegemea juu yake: ni nini hutokea katika sekunde na dakika za mwanzo, tangu seli ya kinga inapokigusa kitu kwa kipokezi chake hadi inapokata shauri la kupambana nacho au kukiacha. Mada yangu ni kundi la vimeng'enya viitwavyo kinasi za tairosini. Hoja yangu nitaisema mapema ili mpate kuipima kadiri ninavyoendelea. Kipokezi cha seli ya kinga kazi yake ni kutambua. Uamuzi hufanywa na kinasi zinazokizunguka, na hufanywa hasa kwa kupima muda. Atakayelishika jambo hilo ataelewa kwa nini watoto fulani huzaliwa bila kinga, kwa nini dawa mpya za saratani ya damu zinafanya kazi, na kwa nini kinga inayoonekana dhaifu inaweza kumshambulia mwenye nayo.

Tuanze na kitendo chenyewe. Protini, kama tujuavyo, ni mnyororo wa asidi amino. Kati ya asidi amino 20 zinazojenga protini zetu, tatu, yaani serini, threonini na tairosini, zina kikundi cha oksijeni na hidrojeni ambapo fosfeti inaweza kupachikwa. Kimeng'enya kinachopachika huitwa kinasi, nacho huitoa fosfeti hiyo kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Kimeng'enya kinachobandua huitwa fosfatasi. Fosfeti ni ndogo, lakini huja na chaji hasi, na chaji hiyo ikitua mahali ambapo haikuwapo, protini hubadili umbo lake, au hupata sehemu mpya ya kushikwa na protini nyingine. Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliokuwa wakifanya kazi Seattle, Marekani, walikionyesha kitendo hiki cha kupachika na kubandua katika misuli miaka ya 1950, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Hao walikuwa wakishughulika na serini. Tairosini ilichelewa kujulikana, na namna ilivyojulikana inastahili kusimuliwa. Mwaka 1979, katika Taasisi ya Salk huko California, Tony Hunter alikuwa akichunguza protini ya virusi vinavyosababisha uvimbe wa saratani, akitenganisha asidi amino zenye fosfeti kwa kuzipitisha katika umeme. Alitumia myeyusho wa zamani ambao asidi yake ilikuwa imepanda kidogo kuliko ilivyotakiwa. Kwa tofauti hiyo ndogo, doa ambalo siku zote lilijificha ndani ya doa la threonini lilijitenga, nalo likawa tairosini yenye fosfeti. Haukupita muda ikathibitika kwamba Src, protini ya virusi vya saratani ya kuku ambavyo Peyton Rous alivielezea mwaka 1911, nayo ni kinasi ya tairosini. Ndiyo sababu kundi hili liliingia katika sayansi kwa mlango wa saratani, na baadaye tu ndipo wataalamu wa kinga walipogundua kwamba kinasi za ukoo wa Src zina kazi yao halali ndani ya chembe nyeupe za damu, kila saa, kwa kila mmoja wetu.

Kuna jambo la kushangaza kuhusu wingi wake. Ukizihesabu fosfeti zote zilizopachikwa kwenye protini za seli iliyotulia, zile zilizo juu ya tairosini hazifiki moja katika elfu. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na za tairosini ni 90 tu. Uhaba huo ndio faida yenyewe. Seli hudumisha ukimya mkubwa kwenye tairosini zake kwa sababu fosfatasi hubandua bila kukoma, na ishara ndogo inayotokea katikati ya ukimya huo husikika mara moja. Mniruhusu niwaombe mkumbuke nafasi ya fosfatasi, kwa sababu vitabu vingi huzitaja mwishoni kama kizimio cha moto, ilhali zipo tangu mwanzo.

Kati ya kinasi hizo 90, kuna 58 ambazo ni vipokezi vyenyewe. Kipokezi cha insulini ni mfano: sehemu yake ya nje huishika homoni, na sehemu yake ya ndani ndiyo kinasi. Vipokezi vya antijeni vya seli za kinga, yaani vile vinavyotambua kitu ambacho kinga hukilenga, havikuumbwa hivyo. Kipokezi cha seli T, chembe nyeupe za damu zinazokulia katika tezi ya thaimasi, kina minyororo miwili, kwa kawaida alfa na beta, inayotambua kipande kifupi cha protini kilichobebwa na molekuli ya MHC juu ya uso wa seli nyingine. Upande wa nje minyororo hiyo ina maumbo mengi yasiyohesabika, lakini mikia yake iliyo ndani ya seli ina asidi amino chache tu na haina kimeng'enya chochote. Jeni zake zilipotambuliwa mwaka 1984, swali lililobaki lilikuwa hilo: habari inavukaje utando wa seli?

Inavuka kwa msaada wa protini nyingine zinazosimama bega kwa bega na kipokezi, zile tunazoziita CD3 pamoja na mnyororo wa zeta. Hizi zina mikia mirefu, na ndani ya mikia hiyo kuna mfuatano unaojirudia, wenye tairosini mbili zilizotenganishwa kwa umbali maalumu. Michael Reth aliubaini mfuatano huo mwaka 1989, na leo unajulikana kwa kifupi cha ITAM. Kipokezi kimoja cha seli T kina ITAM 10, yaani tairosini 20 zinazosubiri kupachikwa fosfeti. Kipokezi cha seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, nacho kina ITAM, na kipokezi cha kingamwili aina ya IgE kwenye seli za mzio, ile inayotufanya tupige chafya na kuvimba ngozi, nacho kinazo. Asili imeutumia utaratibu mmoja katika seli nyingi, na nitakapoueleza katika seli T mtakuwa mmeelewa sehemu kubwa ya hizo nyingine.

Sasa tusogee karibu zaidi. Kinasi ya kwanza kazini ni Lck, ya ukoo wa Src. Imetiwa nanga kwenye upande wa ndani wa utando wa seli kwa asidi za mafuta, na sehemu kubwa yake imeshikamana na mikia ya CD4 au CD8, protini ambazo majina yake mnayajua kutoka kliniki za Virusi Vya UKIMWI. Lck ina tairosini mbili zinazoitawala. Ya kwanza, nambari 505, iko mkiani. Ikiwa na fosfeti, mkia hujikunja na kujishika kwenye mwili wa kinasi hiyohiyo, nayo hujifunga. Ya pili, nambari 394, iko karibu na mahali pa kazi. Ikiwa na fosfeti, kinasi hupata nguvu kamili. Kinasi nyingine iitwayo Csk hupachika ile ya 505, na hivyo huifunga Lck. Fosfatasi iitwayo CD45 huibandua, na hivyo huifungua.

Hapa ndipo wanafunzi wangu huchanganyikiwa, na wana haki ya kuchanganyikiwa. CD45 huifungua Lck, kwa hiyo bila CD45 seli T haifanyi kazi. Watoto waliozaliwa bila CD45 hupata upungufu mkubwa wa kinga. Lakini CD45 hiyohiyo hubandua fosfeti kwenye ITAM, kwa hiyo huzima ishara. Itakuwaje kimeng'enya kimoja kiwe kiwashaji na kizimaji kwa wakati mmoja? Jibu linalokubalika na wengi leo limo katika urefu wa molekuli. Seli T inapojibana na seli nyingine, kipokezi na MHC vikishikana, pengo kati ya tando mbili huwa nanomita 15 hivi, yaani sehemu 15 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. CD45 ni ndefu kuliko pengo hilo, hivyo husukumwa pembeni. Katika kipande hicho kidogo cha utando hubaki Lck ambazo tayari zimeshafunguliwa, pamoja na ITAM ambazo sasa hazina wa kuzibandua fosfeti. Mizani iliyokuwa imelala upande wa kubandua huinuka upande wa kupachika, na ishara huanza.

ITAM ikishapata fosfeti zote mbili, hufika kinasi ya pili, ZAP-70, ambayo ilitambuliwa katika maabara ya Arthur Weiss huko San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1990. ZAP-70 ina vishikio viwili vya aina ya SH2, vilivyopangwa kwa umbali ule ule wa tairosini mbili za ITAM. Fosfeti moja peke yake haitoshi kuishika sawasawa. Zinahitajika zote mbili. Na hata ikishashika bado huwa imejifunga, mpaka Lck ije iipachike fosfeti kwenye tairosini zake, hasa nambari 319 na 493. Angalieni uangalifu uliomo katika mpango huu. Lck huandaa mahali pa kukaa, ZAP-70 hukaa, kisha Lck hurudi kuiamsha. Na kuna jambo zaidi: mazingira ya kichaji ambayo ZAP-70 hupenda kufanyia kazi hayafanani na yale ya Lck. ZAP-70 hupenda tairosini zilizozungukwa na asidi amino zenye chaji hasi, kama zilivyo za protini inayofuata, na kwa ITAM haifai kitu. Kwa hiyo hatua haziwezi kurukwa. Kila kinasi ina kazi yake ambayo mwenzake hawezi kumfanyia.

Protini hiyo inayofuata ni LAT, iliyoelezwa mwaka 1998 na kundi la Lawrence Samelson nchini Marekani. LAT haina kimeng'enya ndani yake. Imejaa tairosini, na ZAP-70 ikizipachika fosfeti, LAT pamoja na mshirika wake SLP-76 huwa jukwaa ambapo protini nyingine hukusanyika. Muhimu zaidi kati ya zinazokusanyika ni kimeng'enya PLC-gama 1, ambacho, kikisaidiwa na kinasi nyingine ya tairosini iitwayo ITK, hukata mafuta fulani ya utando na kutoa vipande viwili. Kipande kimoja hufungua ghala la kalsiamu ndani ya seli, kisha milango ya utando wa nje hufunguka, na kalsiamu katika seli hupanda takriban mara kumi. Kalsiamu hiyo huiamsha kalsinyurini, fosfatasi inayoiruhusu protini ya NFAT kuingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni. Mgonjwa aliyepandikizwa figo Dar es Salaam au Nairobi anayemeza takrolimasi au saiklosporini kila siku anaizuia kalsinyurini hiyo, ili seli zake T zisiishambulie figo ya ndugu yake. Kipande cha pili huwasha njia za Ras na za NF-kB, ambazo sitazieleza leo, kwa sababu zinafanana na zile za seli nyingine nyingi na hazina upekee wa kinga.

Nilisema kwamba kinasi hupima muda. Sasa niithibitishe kauli hiyo, kwa kuwa ndiyo kiini cha hotuba hii.

Seli T hukutana na maelfu kwa maelfu ya peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zinazotoka katika protini za mwili wenyewe, na katikati ya hizo huenda zikawapo chini ya 10 zilizotoka katika virusi. Lazima izione hizo chache na kuzipuuza hizo nyingi. Tofauti ya nguvu ya kushikana kati ya peptidi ngeni na peptidi ya mwili si kubwa kama mtu angedhani. Kinachotofautiana zaidi ni muda wa kushikana. Peptidi ya mwili hushika na kuachia upesi, mara nyingi ndani ya sekunde moja au pungufu, ilhali ile ngeni hudumu sekunde kadhaa. Mpita njia anaweza kuugusa mlango wako kwa bega na kuendelea na safari yake. Mgeni hupiga hodi, husubiri, hupiga tena, na mwenye nyumba huinuka kwa sababu mtu bado yupo mlangoni. Mlolongo wa kinasi nilioueleza unafanya kazi hiyo ya kusubiri. Lck ipachike fosfeti mbili kwenye ITAM, ZAP-70 ifike, iamshwe, iifikie LAT, ipachike tairosini baada ya tairosini. Kila hatua hula muda. Kipokezi kikiachia kabla hatua hazijakamilika, fosfatasi hubandua vyote na seli hurudi katika utulivu wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Timothy McKeithan aliliweka wazo hili katika hesabu mwaka 1995, na tangu hapo limepata ushahidi baada ya ushahidi.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote unatoka kwenye tairosini moja ya LAT, nambari 132, ambayo ndiyo inayoishika PLC-gama 1. Tairosini nyingine za LAT zimetanguliwa na asidi amino yenye chaji hasi, jambo ambalo ZAP-70 hulipenda. Ya 132 imetanguliwa na glisini, iliyo ndogo kuliko asidi amino zote na isiyo na chaji, na kwa hiyo ZAP-70 huipachika polepole. Mtu angeweza kudhani ni dosari. Mwaka 2019 watafiti wa kundi la Weiss waliibadilisha glisini hiyo moja, wakaweka asidi aspatiki, na tairosini hiyo ikawa inapachikwa haraka kama nyingine. Seli T zilizobadilishwa zikaanza kuitikia peptidi dhaifu ambazo zamani zilizipuuza, zikiwamo za mwili wenyewe. Asidi amino moja, mahali pamoja, ndiyo iliyokuwa ikiilazimisha seli kusubiri. Ninapofundisha kuhusu magonjwa ambayo kinga humshambulia mwenyewe, huanza na glisini hii kabla ya kutaja ugonjwa wowote.

Tukishalielewa hilo, magonjwa nayo hueleweka. Mwaka 1994 makundi kadhaa ya watafiti yaliripoti watoto wasio na ZAP-70 inayofanya kazi. Watoto hao walikuwa wagonjwa tangu uchangani, na damu yao ilionyesha jambo lisilo la kawaida: seli za CD8, yaani seli T zenye protini ya CD8, karibu hazikuwapo kabisa, lakini seli za CD4 zilikuwapo kwa idadi ya kawaida. Zilipopimwa maabara, seli hizo za CD4, ingawa zina vipokezi juu yake, hazikuitikia chochote. Katika tezi ya thaimasi, ambako seli T hukulia, kinasi iitwayo Syk, ndugu wa ZAP-70, iliziwezesha kuvuka mtihani wa ukuaji. Zilipotoka nje Syk ilikuwa imepungua, zikabaki zinatambua bila uwezo wa kuamua.

Kinyume cha hilo ni cha kushangaza zaidi. Shimon Sakaguchi na wenzake huko Japani walieleza mwaka 2003 kuhusu panya ambao ZAP-70 yao haikutoweka, ila ilikuwa dhaifu, kwa sababu ya asidi amino moja iliyobadilika katika kishikio chake cha SH2. Panya hao hawakuwa tu na kinga pungufu. Walipata baridi yabisi, ugonjwa wa viungo ambao kinga ya mwili hujishambulia. Sababu ni kwamba thaimasi hutumia nguvu ya ishara hiyohiyo kuzichuja seli T: seli inayoushika mwili wake kwa nguvu mno huuawa. Ishara ikidhoofika, seli hatari huonekana kama seli salama, na hupita. Kwa hiyo tunaposema kinga kali na kinga dhaifu kana kwamba ni kipimo kimoja kinachopanda na kushuka, tunapotosha. Kinasi ile ile ikidhoofika inaweza kumwacha mtu wazi kwa vijidudu, na inaweza pia kumfanya adui wa viungo vyake.

Nihamie kwa seli B, ambazo hutengeneza kingamwili. Huko mpangilio ni ule ule, majina ndiyo hubadilika: Lyn iko mahali pa Lck, Syk mahali pa ZAP-70, na kinasi iitwayo BTK hukiamsha kimeng'enya cha PLC-gama 2. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alimweleza mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akiugua maambukizi makali ya nimonia na damu tena na tena. Alipopima protini za damu yake, lile fungu la gama, ambamo kingamwili hukaa, halikuonekana kabisa. Bruton akampa kingamwili zilizotolewa kwa watu wengine, na mtoto akapata nafuu. Ilichukua miaka 41 hadi jeni yenye kosa ikapatikana, mwaka 1993, katika kromosomu ya X, nayo ikaitwa kwa heshima yake kinasi ya tairosini ya Bruton, kwa kifupi BTK. Bila kinasi hiyo, seli B changa zilizo katika uboho hazipati ishara ya kuendelea kukua, na hufa kabla hazijaingia katika damu. Ugonjwa huwapata wavulana, kwa kuwa wana kromosomu moja tu ya X.

Miaka 20 baada ya jeni hiyo kupatikana, Novemba 2013, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ibrutinibu, dawa inayojifunga kwenye BTK na kuizima, kwa ajili ya aina fulani ya limfoma, na mwaka uliofuata kwa saratani sugu ya damu inayotokana na limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kundi la seli T na B. Mantiki yake inatokana moja kwa moja na yule mvulana wa Bruton: ikiwa seli B haiwezi kuishi bila ishara ya BTK, basi seli B ya saratani nayo huenda inaitegemea. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kuwamo katika orodha hakuifanyi ipatikane, na bei yake bado ni kizuizi kikubwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu maarifa yaliyoizaa dawa hii ni ya watu wote.

Kwa upande wa seli B, sisi wa Afrika Mashariki tuna historia yetu wenyewe. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaripoti virusi walivyoviona ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Virusi hivyo vya Epstein-Barr vimo katika watu wazima walio wengi duniani, vikiwa vimejificha ndani ya seli B kwa maisha yote, bila madhara kwa wengi wao. Vinaishije humo miaka yote hiyo? Moja ya mbinu zake ni protini iitwayo LMP2A, ambayo ina mfuatano wa ITAM kama ule wa kipokezi chetu. Huwashika Lyn na Syk, huipa seli B ishara ndogo ya kuendelea kuishi, na papo hapo huzuia kipokezi halisi kisitoe ishara kali ambayo ingevitoa virusi mafichoni. Panya waliopewa jeni ya LMP2A katika maabara waliweza kuwa na seli B zinazoishi bila kipokezi chochote cha antijeni, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani. Virusi vilijifunza kuigiza uamuzi bila utambuzi. Sisemi kwamba LMP2A ndiyo chanzo cha limfoma ya Burkitt, kwa sababu katika seli nyingi za uvimbe huo protini hiyo imezimwa. Nasema ndiyo inayotuonyesha jinsi virusi vinavyojua thamani ya kinasi za tairosini.

Binadamu naye ameiga. Katika tiba ya seli za CAR, seli T za mgonjwa hutolewa, hupewa kipokezi kilichoundwa maabara, na hurudishwa mwilini kuiua saratani. Nje ya seli kipokezi hicho kina kipande cha kingamwili. Ndani kina mkia wa zeta wenye ITAM zake tatu, na kinasi zinazofanya kazi ni zile zile, Lck na ZAP-70. Tiba ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani Agosti 2017. Seli hizo zikipandwa na hasira kupita kiasi zinaweza kumhatarisha mgonjwa, na majaribio yameonyesha kwamba dasatinibu, dawa ya saratani ya damu ambayo pia huizuia Lck, huweza kuzituliza kwa muda, na ikiondolewa zikarudi kazini.

Nimalizie na yale yanayotuhusu wodini na kliniki. Magonjwa niliyoyataja ni nadra, lakini nadra katika nchi yenye mamilioni ya watoto haina maana ya kutokuwapo. Mvulana ambaye kuanzia nusu mwaka wa maisha yake, kingamwili za mama zinapokwisha, huja na nimonia na usaha wa masikio mara kwa mara, mfungueni kinywa mtazame koo. Asiye na BTK hana tonsili za kuonekana, au anazo ndogo sana, kwa sababu tonsili zimejaa seli B naye hanazo. Kipimo cha kiwango cha kingamwili katika damu kitathibitisha shaka hiyo, na tiba yake, kingamwili za kuwekewa kila baada ya wiki 3 au 4, imo katika orodha ya dawa muhimu. Mtoto huyo pia hafai kupewa matone ya polio yenye virusi hai, ambavyo vinaweza kukaa mwilini mwake kwa muda mrefu. Tanzania na Kenya matone hayo pamoja na BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo nayo ina vijidudu hai, hutolewa mara baada ya kuzaliwa, na yameokoa watoto wengi mno; ndiyo maana daktari akimwona mtoto ambaye BCG imemsambaa mwilini, aulize mara moja kuhusu seli T zake.

Na atakapouliza, akumbuke watoto wale wa mwaka 1994. Hospitali zetu nyingi zina mashine za kuhesabu seli za CD4, zilizoletwa kwa ajili ya wenye Virusi Vya UKIMWI. Mtoto asiye na ZAP-70 akipimwa kwa mashine hiyo atapata CD4 ya kawaida, jumla ya limfosaiti inaweza kuwa ya kawaida, na mama ataambiwa kinga ya mwanawe ni nzima. Mashine zenye uwezo wa kusoma CD8 zinaweza kuombwa zisome, na karatasi ikirudi na CD4 iliyojaa huku CD8 ikikaribia sifuri, mtoto huyo apelekwe kwa mtaalamu wa kinga siku hiyohiyo, kwa sababu tiba inayojulikana kuponya ugonjwa huo ni kupandikizwa uboho, na hufaa zaidi ikifanywa kabla maambukizi hayajamharibu mapafu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.